Wasomaji Wauliza: Muswada wa Kutisha Umejibiwa, Sasa?

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Mwanza na visiwa vya Ziwa Victoria, na karibu zote ni za watunzi wa hadithi za kutisha wanaojitafutia njia wenyewe, bila wakala wala mchapishaji wa kudumu. Zilizouliza jambo moja tumeziunganisha.

SWALI: Shikamooni wahariri. Hadithi yangu ya maneno 4,200 niliituma kwa majarida matatu kwa mpigo, yote yanaruhusu. Moja limekataa, la pili limesema linaishikilia ili isomwe tena, la tatu limeikubali na kuniletea mkataba. Nianze na lipi? Naweza kuitangaza kwenye status?
Msomaji wa Igoma, Mwanza

JIBU: Marahaba, na hongera. Anza na mkataba. Jibu leo kwamba umeupokea na utaurudisha ndani ya siku tatu, kisha kaa nao chini. Angalia wanachukua haki gani. Kwa jarida, haki ya kuchapisha mara ya kwanza katika lugha moja inatosha. Wakiandika "haki zote, kwa njia zote, daima", wamebeba na filamu, na sauti, na tafsiri, kwa bei ya hadithi moja. Omba sentensi hiyo ibadilishwe, wala usione haya, wahariri wamezoea kuombwa. Angalia pia ni kwa muda gani huruhusiwi kuichapisha kwingine (miezi sita hadi mwaka ni kawaida), malipo yanatoka hadithi ikikubaliwa au ikichapishwa, na haki zinakurudia lini endapo jarida litakufa kabla ya toleo lako. Hili la mwisho ndilo husahaulika, na majarida madogo hufa sana.

Ukiridhika, saini, na siku hiyohiyo liandikie lile lililoishikilia: "Naomba kuiondoa hadithi yangu (jina), niliyoituma tarehe (fulani). Imekubaliwa kwingine. Asanteni." Basi, usiongeze. Usijaribu kuwauliza kama wao wangelipa zaidi. Wahariri hujuana, na jina la mtu anayepiga mnada hadithi iliyokwisha kukubaliwa husambaa upesi. Ila kushikiliwa nako si jambo dogo. Maana yake umempita msomaji wa kwanza, ambaye ndiye hukataa hadithi nyingi. Hadithi yako inayofuata ianzie kwao.

Kuhusu status, ngoja pande zote mbili zisaini, na uulize kama jarida linataka kutangaza lenyewe kwanza. Usiseme "imetoka" wakati imekubaliwa tu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilichapishwa mwaka 1980, tena kwa Kiswahili alichokitafsiri mwenyewe. Jarida halitakukalisha miaka hiyo, lakini miezi sita hadi mwaka kati ya kukubaliwa na kutoka haina ajabu.

SWALI: Nimekataliwa mara kumi na moja, na barua zote zina maneno yaleyale: "Asante, lakini haitufai kwa sasa." Hivi wanasoma kweli?
Msomaji wa Bunda

JIBU: Wanasoma, lakini si hadithi nzima. Msomaji wa kwanza akiwa na rundo mbele yake husoma ukurasa mmoja au miwili, na hapo anaamua kuendelea au kuacha. Barua ya maneno yaleyale ni ya hao walioachwa mapema. Mhariri akitaja jina la mhusika wako, au akisema mwisho ulimwangusha, jua amefika mwisho. Akiandika "tutumie nyingine", anamaanisha hivyo. Mtumie, ndani ya miezi miwili mitatu.

Kwa hiyo, kabla ya kuibomoa hadithi, tengeneza ukurasa wa kwanza. Kwenye hadithi za kutisha makosa ya ukurasa huo yanajulikana: mhusika anaota halafu anashtuka kitandani, umeme unakatika, mvua inanyesha, mlango unagongwa, au jini anaonekana na kucha zake zote kabla hatujamjua anayetishwa. Mtu akiogopa kabla msomaji hajampenda, msomaji haogopi naye. Jaribu kufuta aya tatu za mwanzo uone kama kisa kinasimama. Mara nyingi kinasimama vizuri zaidi.

Mwisho nao una ugonjwa wake, yaani mganga anayetokea kurasa mbili kabla ya tamati na kueleza kila kitu: nani alifukia nini, wapi, kwa nini. Hofu inaishia hapo. Huo mwingine wa "kumbe alikuwa amekufa tangu mwanzo" wahariri wameuona mno, wanaunusa toka ukurasa wa pili.

Kisha kuna faili. Kama jarida halijatoa maelekezo yake, tumia Times New Roman saizi 12, nafasi mbili kati ya mistari, pambizo za sentimita 2.54, namba za kurasa, na jina, mawasiliano na idadi ya maneno juu ya ukurasa wa kwanza. Tuma .docx, si PDF wala picha za daftari. Ukiandikia kwenye simu, zima usahihishaji wa Kiingereza. Tumeona miswada ambayo "kama" imegeuka "karma" kurasa nzima.

Weka daftari lenye jina la hadithi, mahali ulipotuma, tarehe, jibu, na maneno yenyewe ya jibu. Kasoro moja ikitajwa na wahariri wawili wasiojuana, irekebishe. Ikitajwa na mmoja, ifikirie, halafu amua wewe.

SWALI: Hadithi yangu ni ya bibi mchawi wa kijijini Magu, mwenye macho mekundu, anayefuga fisi. Mwishoni wanakijiji wanamchoma na mvua inanyesha. Imerudi na maneno "maudhui hayatufai". Mbona uchawi ni jadi yetu?
Kijana wa Malimbe, Mwanza

JIBU: Fisi hana tatizo, kijana wetu. Fisi wa wachawi ni mali halali ya mtunzi wa Usukumani. Kilichokukwamisha ni macho na moto. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kweli kwa kushukiwa uchawi, na alama iliyowaponza wengi ni hayo macho mekundu, ambayo hutokana na miaka mingi ya kuinama juu ya moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe. Wenye ualbino nao wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao, na mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli kwa sababu hiyo. Hadithi yako inanyesha mvua baada ya bibi kuchomwa, yaani inasema wauaji walikuwa sahihi. Mhariri anayejua huku hawezi kuichapa, hata sentensi zako ziwe tamu vipi. Vivyo hivyo hadithi yoyote ambamo kiungo cha mwenye ualbino kinaleta utajiri kweli.

Hatukuambii uache uchawi. Hamisha kitisho. Ramli chonganishi yenyewe inatisha: mtu anatajwa jina jioni, na kufikia usiku majirani waliokula naye wamebadilika sura. Andika kutoka ndani ya nyumba ya bibi, akisikiliza filimbi za sungusungu zikikaribia. Au mvua isinyeshe, na watu waanze kutazamana macho.

Kuna waliouliza kuhusu ajali za meli. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018 karibu na Ukara, na ndugu za waliokufa ndio watakaokusoma. Buni chombo, njia na mwaka wako. Usichukue jina la marehemu wala kisa cha familia inayotambulika. Mzimu unaweza kuishi vizuri tu kwenye meli isiyowahi kuwepo.

Na ukiandika ziwa, liandike ziwa. Miswada ya huku inaangushwa na vitu vidogo ambavyo mvuvi wa Mwaloni angevikamata papo hapo. Maji ya Victoria hayana chumvi, wala hayajai na kupwa kama ya Tanga. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, kwa karabai au taa za sola, kwa sababu dagaa hufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti, na wengi hupumzika. Ukiweka kundi la wavuvi wa dagaa katikati ya ziwa chini ya mwezi mpevu, msomaji wa Ukerewe anakuacha hapo hapo, hata kabla chunusi, yule jini wa majini, hajainua kichwa. (Au fanya hivyo makusudi: hakuna anayevua usiku huu, basi zile taa kule ni za nani?) Magugumaji yaliingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na sangara walipandikizwa miaka ya 1950 na 1960, kwa hiyo kisa cha mwaka 1940 hakina kimojawapo.

SWALI: Nimechoka kusubiri, nimechapa mkusanyiko wangu mwenyewe, A5, kurasa 160. Kwenye simu jalada lilikuwa zuri: msitu usiku, mtu kwa mbali. Sampuli imetoka nyeusi tii, mtu haonekani, na wino unaacha alama vidoleni. Mchapaji ana kosa?
Mama wa Kirumba, Mwanza

JIBU: Mama yetu, kosa ni la faili zaidi kuliko mashine. Kioo cha simu kinatoa mwanga, karatasi haitoi, na wino ukigusa karatasi hutanuka kidogo, kwa hiyo giza huzidi giza. Majalada ya kutisha ndiyo yanayoumia zaidi. Mwambie msanifu abadilishe picha kutoka rangi za kioo (RGB) kwenda rangi za wino (CMYK), kisha aing'arishe mpaka kwenye kioo ionekane imepauka kupita unavyotaka. Wino kutokauka kunatokana na weusi uliotengenezwa kwa kurundika wino zote nne. Jumla ya asilimia zake isizidi 300 hivi. Herufi nyeupe juu ya weusi ziwe nene, maana nyembamba hufunikwa.

Vipimo vya jalada lako ni hivi. Kurasa 160 ni karatasi 80. Karatasi ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo mgongo ni milimita 8. Upana ni 148 + 8 + 148, yaani 304, na ukiongeza milimita 3 za kukata kila upande inakuwa 310. Urefu ni 210 na 6, yaani 216. Karatasi ya jalada iwe ya gramu 250 hadi 300, ipakwe lamineshini (utando wa plastiki), la sivyo weusi utapasuka kwenye mkunjo na kuonyesha mstari mweupe. Ndani, acha milimita 20 upande wa gundi. Ukibana, msomaji atalazimika kukipasua kitabu mgongo ili asome. Kurasa 160 ni idadi nzuri kwa kuwa inagawanyika kwa 16, na vitabu hukunjwa kwa mafungu ya kurasa 16.

ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Za kwetu nyingi huanza na 978-9976 au 978-9987. Mistari myeusi ya namba hiyo (barcode) iwekwe kwenye kisanduku cheupe, kamwe isiwekwe moja kwa moja juu ya msitu wako, mashine haitaisoma. Hakimiliki unayo tangu ulipoandika. Usajili wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, unakupa ushahidi wa kushika mkononi. Chukua nakala 100 kwa mashine ya dijitali kwanza. Bei ya moja itakuwa juu kidogo, lakini maboksi yasiyouzwa chini ya kitanda ni ghali zaidi.

SWALI: Hadithi niliigawa kwa vipande kwenye kundi la WhatsApp lenye watu 200, na vipande viwili Facebook. Jarida linataka "isiyochapishwa". Nikae kimya?
Dada wa Nansio, Ukerewe

JIBU: Usikae kimya. Kwa majarida mengi Facebook ya wazi ni kuchapishwa; kundi la kufungwa, wengine wanakubali, wengine hapana. Sema ukweli kwa sentensi moja kwenye barua ya utangulizi. Kufuta hakusaidii, mtu kashapiga picha ya skrini. Siku nyingine gawa sehemu mbili tatu za mwanzo tu, zilizobaki uuze au utume.

SWALI: Wameniambia hadithi yangu imeingia kwenye mkusanyiko wa kimataifa, nilipe dola 60 za "uhariri". Ni kawaida?
Msomaji wa Musoma

JIBU: Si kawaida. Usilipe. Anayekubali hadithi yako ndiye anayelipa. Kwa kipimo, vyama vya watunzi vya Marekani vimekuwa vikihesabu senti 5 hadi 8 za dola kwa neno kuwa malipo ya kitaalamu. Hadithi ya maneno 3,000 ni dola 150 hadi 240. Majarida mengi hulipa chini ya hapo, mengine hayalipi kitu, lakini hayo nayo hayakudai. Kwa Kiingereza au Kifaransa jaribu Omenana, jarida la hadithi za Kiafrika za fantasia, sayansi ya kubuni na za kutisha lililoanza 2014, kama bado linapokea. Kwa muswada mzima wa Kiswahili kuna tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Soma masharti ya mwaka husika, hubadilika. Na popote utakapokubaliwa, uliza kabla ya kusaini fedha zinatumwa kwa njia gani, maana ada za benki kwa dola 20 zinaweza kubakiza nauli ya daladala.