Muuzaji ana kopi ya hati tu, halisi anasema iko benki

Mkuu, umeuliza kama kopi ya hati na mkataba wenye mhuri wa serikali ya mtaa vinatosha kununua hiyo nyumba ya Tabata, Dar es Salaam, maana muuzaji anadai hati halisi iko benki "kwa usalama". Havitoshi. Hati ikikaa benki, mara nyingi kuna mkopo juu yake.

Mimi nilinunua Kinyerezi. Kijana aliyekuwa akiuza alikuja na hati halisi kabisa, muhuri wa Msajili upo, ramani ya kiwanja ipo. Kabla sijatoa hata hela ya chai, wakili akapeleka namba ya hati kwa Msajili wa Hati kufanya upekuzi. Majibu ni karatasi moja tu: namba ya kiwanja na kitalu, muda wa umiliki, kama kuna rehani au zuio, na jina la mmiliki. Rehani hakuna, zuio hakuna, ila jina ni la marehemu baba yao. Kijana hakuwa tapeli, kwao ndiye mkubwa na alidhani hivyo inatosha. Ikabidi wakae kikao cha ukoo, mahakama iteue msimamizi wa mirathi, msimamizi asajiliwe kwenye hati, ndipo tukaongea bei. Muda wote huo dalali ananipigia kila asubuhi: "Bosi, kuna mtu ana keshi mkononi." Huyo mtu sijamwona mpaka leo.

Kwa hiyo omba namba ya hati, lipia upekuzi. Ikitokea rehani, biashara haijafa, ila benki lazima iingie: itoe barua ya deni lililobaki, sehemu ya bei ilipwe moja kwa moja kwenye mkopo, rehani ifutwe kwa Msajili. Muuzaji akikwepa hilo, achana naye.

Mkataba wa serikali ya mtaa una kazi yake, viongozi wa mtaa ndio wanaowajua majirani na mipaka. Lakini umiliki hauhami mpaka uhamisho usajiliwe. Wakili atajaza fomu za uhamisho, namba 29, 30 na 35, mthamini atafanya tathmini, na kodi ya pango la ardhi isiwe na deni. Muuzaji ana mke? Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inataka ridhaa yake kama ni nyumba ya ndoa. Aje mwenyewe na kitambulisho, asaini mbele ya wakili. Karatasi "aliyosaini nyumbani" usiipokee.

Kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida, ni ya muuzaji. Ushuru wa stempu, asilimia 1 ya thamani ya nyumba, ni wako. Atakushawishi muandike bei ndogo ili TRA, mamlaka ya mapato, wapate kidogo. Kataa, mambo yakifika mahakamani utadai hiyo hiyo iliyoandikwa. Na ile asilimia 10 ya bei ambayo mwenyekiti wa mtaa huidai, mwombe akuonyeshe kifungu cha sheria, utaona mazungumzo yanavyopoa.

Pesa pitisha benki, kwa awamu, na awamu ya mwisho iandikwe kwenye mkataba kuwa inatoka hati ikishasoma jina lako. Muuzaji wangu alinuna wiki nzima, akasaini.