Barua kwa Mwanangu: Moto wa Ngoma za Montevideo

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka hapa Tanga. Mama yako hajambo, na mvua zimeanza. Barua yako nimeipata. Umeniuliza kama nilipokwenda Uruguay na kikundi chetu nilijiona nimefika nyumbani, kwa kuwa ngoma za kule asili yake ni Afrika, na unataka jibu kamili kabla hujawajibu waliokualika nawe ukapige huko. Kwenye simu nilikujibu "hapana" nawe ukanyamaza. Naona sikukutendea haki, ndiyo maana nakuandikia.

Tulifika Montevideo mwezi wa Agosti, ambao kule ni msimu wa baridi, nami nilikuwa na koti la kuazima. Asubuhi ya kwanza niliteremka hadi barabara ya ufukweni, wanayoiita rambla, nikitazamia bahari, nikakuta maji ya rangi ya udongo ambayo wenyeji wanasisitiza kuwa ni mto, Río de la Plata, ingawa ng'ambo yake haionekani. Watu walikuwa wakitembea wamebana chupa ya maji ya moto kwapani na kushika mkononi kibuyu cha yerba mate, chai yao ya majani, wakiifyonza kwa mrija wa chuma. Nilikaribishwa, nikanywa. Ni uchungu wa mwarobaini, lakini mgeni hachagui.

Ninachotaka kukueleza hasa ni Jumapili jioni, mwenyeji wetu alipotupeleka Barrio Sur, mtaa ambao pamoja na jirani yake Palermo ndio kitovu cha candombe, ngoma ya watu weusi wa Uruguay. Kabla ya kusikia ngoma niliona moto. Walikuwa wamewasha maboksi na vipande vya mbao pembeni mwa barabara, na ngoma zimelazwa kuuzunguka, ngozi zikielekea kwenye miali. Siku hizi ngoma nyingi za kule hukazwa kwa skrubu, lakini za kale, ambazo ngozi yake imepigiliwa misumari, haziitiki bila joto. Harufu ya ngozi ikipata moto ilinirudisha uani kwa babu yako, alivyokuwa akizipasha zake kwa makuti na vifuu. Bila kuomba ruhusa niliinama, nikaigonga mojawapo kwa kidole, nikasema "bado" kwa Kiswahili, na mzee aliyekuwa karibu akatikisa kichwa kukubali. Ungeniuliza swali lako dakika ile, ningekujibu kwamba nimefika.

Mzee huyo, mkalimani akitusaidia, alinionyesha upande ilikokuwa Medio Mundo, nyumba ya vyumba vingi vilivyozunguka ua mmoja, ambamo vizazi vya watu weusi vililea watoto na ngoma pamoja. Wahenga wao waliletwa utumwani, wengi kutoka pande za Kongo na Angola, wengine Msumbiji, na hata baada ya utumwa kupigwa marufuku mwaka 1842 maisha yao yalibaki ya dhiki. Utawala wa kijeshi uliwahamisha wakazi na kuibomoa nyumba hiyo Desemba 1978. Tarehe 3 ya mwezi huo ngoma zilipigwa uani mle kwa mara ya mwisho, na leo tarehe hiyo ndiyo siku ya kitaifa ya candombe. Mwaka 2009 UNESCO iliiingiza candombe katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, jambo ambalo mzee alilitaja kwa haraka, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kisha akarudi kwenye habari za ua.

Ngoma zao ni tatu: chico, repique na piano. Mimi kwa ujuaji wangu nikajipangia kwamba chico ni chapuo, ngoma yetu ndogo, piano ni vumi, ile yetu kubwa, na repique ni yule mwenye kusema na kuitikiwa, basi kazi imekwisha. Nikaomba chico, kwa kuwa ndiyo ndogo na mpigo wake ni mmoja tu, haubadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Wakanivika ukanda begani, wakanipa mkwiro kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukabaki kiganja kitupu, tukaanza kutembea kwa hatua fupi katikati ya barabara. Mwanangu, mpigo ule haukanyagi pale mguu unapokanyaga. Nilipousikiliza mkono, mguu ulipotea. Nilipourudisha mguu, mkono ukaanza kupiga kitu cha Tanga. Kwenye kona ya pili kijana ambaye hata ndevu hajaota aliivua ngoma begani mwangu kwa upole na kuendelea bila mdundo kukatika. Waliposimama kuzipasha tena, nikapewa kazi ya kuchochea moto, na kazi hiyo niliiweza.

Usiku uliotangulia, mshereheshaji wetu alikuwa amesema jukwaani kwamba ngoma zimekutana na ndugu zake, na nilishangilia pamoja na ukumbi mzima. Sisemi alidanganya. Ila undugu huo una umri wa mamia ya miaka ya kutoonana, na katika miaka hiyo wao wamefukuzwa, wamebomolewa na wamepiga bila sisi. Kusema nimefika nyumbani kungekuwa kujipa chumba Medio Mundo ambacho sikukilipia kodi hata siku moja.

Kwa hiyo nenda, tena kwa furaha, lakini waombe wenyeji wako wakupangie Jumapili moja isiyo na onyesho, na ubebe koti lako mwenyewe. Ule mkwiro mwembamba ulioukuta kwenye boksi la dumbaki, ukauliza ni wa ngoma gani, mzee ndiye aliyenipa. Ukija Idi nitakuonyesha nilipofikia: nikiwa nimekaa ninaupata mpigo wa chico, nikisimama na kutembea bado unanitoka.

Baba yako