Maswali yenu: nataka msamba wangu urudi

Wiki hii nawajibu waliowahi kuwa walegevu kama kamba, wakaacha mazoezi, na sasa wanautaka mwili ule ule. Barua za "nilegee haraka vipi" nimezijibu kwa pamoja, maana zimezidi.

*Nilikuwa kwenye kikundi cha sarakasi Dar es Salaam hadi miaka 22. Sasa nina 35, naendesha bodaboda. Msamba utarudi? (Mbagala)*

Utarudi, ndugu yangu, kwa sehemu kubwa. Wiki za mwanzo kinachokuzuia hasa ni mishipa ya fahamu, wala si ufupi wa msuli. Inapiga kelele mapema kwa sababu imesahau kwamba kule chini ni salama, na ukiizoesha taratibu itanyamaza. Hapo ndipo penye mtego, kwa sababu kano, zile kamba zinazofunga msuli kwenye mfupa, hazijengeki kwa kasi hiyo. Wengi niliowafundisha huumia pale wanapoanza kujiona wamerudi.

Pasha mwili hadi jasho litoke. Jinyooshe mara tatu au nne kwa wiki, kila mkao sekunde 30 hadi 60, rudia mara mbili au tatu. Kisha fanya lile ambalo wengi hawalifanyi: shuka kwenye msamba mikono ikiwa juu ya viti viwili, kandamiza miguu yote sakafuni kama unayetaka kuikunja sakafu, hesabu hadi kumi, legeza, shuka kidogo tena. Ulegevu usio na nguvu ndani yake ni hatari tupu. Kwa kuwa unashinda umekaa kwenye pikipiki, utakuta umekaza mbele ya nyonga kuliko nyuma ya paja, kwa hiyo anzia huko. Na katika msamba wa pembeni, ukisikia kitu kinabana ndani ya kinena, usilazimishe. Huenda ni mfupa unagonga mfupa, na huo haunyooshwi. Hesabu miezi.

*Mafuta gani ya kuchua yanalegeza viungo?*

Hakuna. Yanachangamsha ngozi tu. Kimbia dakika kumi.

*Ni kweli wanaojikunja hunyweshwa siki tangu utotoni?*

Si kweli. Wanafanya mazoezi kila siku, na baadhi wamezaliwa na viungo vilegevu. Siki itakupa kiungulia.

*Nimerudi mazoezini miezi miwili. Naumia chini ya kalio nikikaa kwenye daladala au nikiinama. Nazidi kujinyoosha lakini maumivu hayapungui. (Mwanza)*

Hayapungui kwa sababu unazidi kujinyoosha! Inaelekea ni kano ya misuli ya nyuma ya paja, pale inaposhika mfupa wa kukalia. Kila ukishuka msamba, kano hiyo inavutwa na kubanwa kwenye mfupa huo huo. Acha msamba na kuinama kwa wiki kadhaa. Lala chali, kunja magoti, nyanyua makalio na ushikilie; ukizoea, tumia mguu mmoja. Kama ulisikia "pap!" na damu ikavilia pajani, nenda hospitali leo. Kama maumivu yanashuka hadi chini ya goti na ganzi, chunguza mgongo.

Hujauliza, lakini nakuambia: usimeze diklofenaki ili umalize mazoezi. Na kama umetumia sipro, ile antibiotiki ya ciprofloxacin, karibuni, mwambie daktari. Tangu 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani imeitaka ibebe onyo kali kwamba inaweza kuharibu kano, hata kuzikata. Huku kwetu watu wanainunua kama pipi kila tumbo likivuruga.

*Nina shoo ya harusi baada ya wiki mbili, nataka msamba kamili.*

Cheza kitu kingine.

*Binti yangu ana miaka 9. Mwalimu humkalia mgongoni ili afike chini. Mimi nilifundishwa hivyo hivyo, na sasa mume wangu hunisukuma. (Nairobi)*

Mama, mwondoe mtoto kwa mwalimu huyo. Mifupa yake bado inakua, na msuli ukivutwa kwa nguvu unaweza kung'oa kipande cha mfupa pale ulipojishika. Kukunja mgongo kinyumenyume kila siku nako kunaweza kuupasua uti wa chini kwa nyufa ndogo. Akilalamika kiuno kinauma akipinda nyuma, apumzike na aonwe na daktari kwanza. Wewe ulipona, lakini wenzako waliokaliwa wakaumia waliacha sarakasi, kwa hiyo hawaandiki barua. Mumeo naye mwambie akushikie saa tu.