Kupitia Butiama, inafaa?

Ndugu, kwa kuwa unauliza kama inafaa kukatiza safari ya Musoma upitie Butiama alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922: pita, tena usiwe na haraka.

Ila usiishie kwenye makumbusho. Wengi hutazama picha na zawadi alizopewa, kisha wanageuza gari. Omba uonyeshwe Mwitongo, boma la familia. Huko ndiko alikozikwa Oktoba 1999, na kaburi la baba yake, Mtemi Burito wa Wazanaki, lipo hapohapo. Mimi nilisimama kimya muda mrefu. Mtu aliyeongoza nchi tangu 1961 hadi 1985 akarudi kijijini kulima! Hilo husikii uzito wake mpaka uwe umesimama pale, kati ya yale mawe makubwa ya mviringo, upepo unavuma.

Nyumba aliyojengewa na jeshi baada ya vita vya Kagera nayo ipo.

Kama una watoto, nenda nao. Na kumbuka hapo ni nyumbani kwa watu na ni makaburini: piga hodi, salimia wazee, uliza kabla hujapiga picha.