Bushi hukazwa gari likiwa limesimama: kwa mnaoanza kushusha pua za magari ya kizamani

Wadogo zangu wa gereji, tumewatazama vya kutosha. Kila anayeingia kwenye magari ya kizamani na hamu ya kushusha pua (kufanya mbele ya gari kukae chini zaidi) huanza na grainda, hufuatisha gesi ya kuchomea, humalizia kwa kulaumu springi. Makosa ni yaleyale na huja kwa mpangilio uleule, na mengi hayana uhusiano wowote na springi. Hapa tunazungumzia zaidi sasipensheni ya mikono miwili, wa juu na wa chini, yenye springi ya mzunguko katikati, kama ya MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, na ndugu zake wengi. Stratu (shokapu na springi katika nguzo moja) na toshenibaa (fimbo ya chuma inayojisokota badala ya springi) tutazigusa tukipita. Kufungua tairi na kuweka stendi mnajua, turuke.

1. Pima kabla hujashika spana.

Pima kutoka katikati ya hubu (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa madigadi juu yake, pembe zote nne, uandike. Usipime kutoka ardhini, maana hapo unapima pia upepo wa tairi. Na kila unaposhusha gari kutoka kwenye jeki, lisukume mbele na nyuma mita mbili tatu kabla ya kupima: magurudumu yakigusa ardhi kutoka hewani, tairi hushika chini zikiwa zimejikunyata ndani, mikono haiwezi kutanuka, na gari hukaa juu kwa uongo. Ukiona kushoto na kulia mbele vinatofautiana kwa milimita 10 na bado hujagusa kitu, tazama nyuma kwanza. Springi iliyochoka nyuma kulia huinua pua ya kushoto, na hakuna grainda itakayotibu hilo mbele.

2. Hesabu ya kukata.

Kukata nusu mzunguko hakushushi gari kwa nusu ya pengo unaloliona springi ikiwa juu ya meza. Pengo linalohesabiwa ni lile la springi ikiwa imebeba gari. Lala chini, pima kutoka katikati ya waya mmoja hadi katikati ya unaofuata gari likiwa limesimama. Tuseme ni milimita 30. Nusu mzunguko itafupisha springi kwa milimita 15. Lakini springi haiko kwenye gurudumu, iko katikati ya mkono. Pima kutoka bolti ya ndani ya mkono wa chini hadi katikati ya springi, kisha kutoka bolti hiyohiyo hadi boli jointi au kingipini, kiungo cha nje kinachoshika gurudumu. Ukipata 180 na 330, uwiano ni 0.545. Gawa 15 kwa 0.545: gari litashuka karibu milimita 27. Aliyetaka kushusha 25 amekwisha kufika, na kuna mtu mahali fulani anakata mzunguko mzima na robo kwa sababu "nusu haionekani".

Springi iliyokatwa pia huwa ngumu zaidi. Yenye mizunguko 8 inayofanya kazi ikibaki na 7.5, ugumu hupanda kwa chini kidogo ya asilimia 7. Hilo si baya, maana nafasi ya kucheza imepungua.

Kata ncha iliyo wazi tu. Ncha iliyosagwa bapa ikikatwa haitakaa sawa kwenye kiti chake, na springi itasimama imeinama. Weka alama ya chaki kwenye springi zote mbili kutoka ncha ileile, kata robo, funga, pima, ndipo uamue. Tumia disiki nyembamba, kata kwa vituo, chuma kisigeuke rangi ya buluu, na usikimwagie maji kikiwa cha moto. Gesi isiikaribie springi, si kwa kukata, si kwa kuipasha ili "ikae chini yenyewe". Itakaa, kisha itaendelea kukaa, upande mmoja haraka kuliko mwingine. Mwisho ninginiza gurudumu hadi shokapu ifike mwisho wake wa kutanuka: springi bado ibane kwenye viti vyake. Ikicheza kwa mkono, umeifupisha kupita kiasi, na ipo siku itaruka kwenye kiti barabarani.

3. Bushi.

Hapa tukae. Kosa hili ndilo linalokula pesa nyingi kuliko mengine yote, na halionekani kwa macho siku linapofanywa.

Bushi nyingi za mikono ya mbele ni mrija wa chuma ndani, mrija wa chuma nje, na raba iliyogandishwa katikati yao. Mrija wa nje umeshindiliwa kwenye mkono. Mrija wa ndani hubanwa na bolti kwenye brekiti ya shasi, na bolti ikishakazwa hauzunguki tena. Mkono ukipanda na kushuka hakuna kinachoteleza. Raba ndiyo inayojikunja. Kwa hiyo pale mkono ulipokuwa wakati unakaza bolti ndipo raba itakapopaona kuwa nyumbani, na kila siku itavuta kurudi huko.

Sasa mgeni wetu ana gari kwenye stendi, magurudumu yananing'inia. Amefunga springi mpya au zilizokatwa, kila kitu kinang'aa, spana ya torki iko mkononi, na bolti zote zinafikika vizuri. Anakaza. Torki sahihi kabisa, kama kitabu kinavyosema. Anashusha gari.

Chukua mkono wa milimita 330 na gurudumu lililokuwa likining'inia milimita 85 chini ya kimo cha kusimama. Mkono umezunguka karibu digrii 15 kufika pale. Bushi ya kila mkono, juu na chini, imekamuliwa kama nguo iliyofuliwa kabla gari halijasogea hata mita moja. Raba iliyotengenezwa icheze pande mbili sasa inacheza upande mmoja tu: ikifika shimo na mkono ukipanda tena, msokoto unaongezeka juu ya zile digrii 15.

Jambo la kwanza analoliona ni gari kukaa juu kuliko hesabu, mara nyingi kwa milimita 10 au zaidi, kwa sababu bushi zote zinasukuma magurudumu chini pamoja na springi. Hapo ndipo msiba unapoanza. Hafikirii bushi, bushi ni mpya, zimekazwa kwa torki. Anafikiri hakukata vya kutosha. Anapandisha gari, anatoa springi, anakata robo nyingine, anarudisha, na anakaza tena magurudumu yakining'inia. Sasa kimo ni kile alichotaka. Anapeleka gari alaimenti (kupimwa na kurekebishwa pembe za magurudumu), inasomeka vizuri, anapiga picha.

Kisha raba inaanza kuchanika. Haichaniki pande zote kwa pamoja, huanza moja, kwa kawaida ile ya nyuma ya mkono wa chini inayobeba nguvu ya breki. Upande huo unashuka, maana kilichokuwa kikiushikilia kimekatika. Pua inainama, stopa (raba za kuzuia mkono usipande kupita kiasi) zinagongwa kwenye kila tuta, na ukikanyaga breki mkono unarudi nyuma ndani ya bushi iliyopasuka na gari linavuta. Alaimenti aliyolipia haina maana tena. Anabadilisha bushi, na safari hii gari linakaa chini mno, kwa sababu springi zilikatwa kufidia uongo wa raba. Hesabu basi: springi mpya, bushi mara mbili, alaimenti mara mbili. Yote hayo kwa kukwepa kulala chini ya gari dakika ishirini.

Namna ya kufanya ni hii. Ingiza bolti zote, nati zifike kwa mkono hadi washa ziguse, kisha zilegeze kidogo ili mrija wa ndani uweze kuzunguka. Funga magurudumu, shusha gari juu ya vipande vinne vya mbao pana vyenye unene sawa, kimoja chini ya kila tairi, upate nafasi ya kuingia. Lisukume nyuma na mbele juu ya mbao kadiri nafasi inavyoruhusu, bonyeza pua mara kadhaa na uiachie. Linganisha hubu na madigadi na kimo ulichokusudia. Ndipo uingie chini na ukaze, mikono ya chini na ya juu.

Wapo wanaoisikia kanuni hii na kuitii nusu. Wanakaza ya chini na kuiacha ya juu kwa sababu gurudumu linaizuia. Kama haifikiki, toa gurudumu, weka jeki chini ya mkono, inua hadi kipimo cha hubu na madigadi kiwe kilekile ulichoandika, ndipo ukaze. Angalia lakini: gari jepesi litanyanyuka kwenye stendi kabla springi haijabanwa hadi kimo cha kusimama, na wewe utadhani umefika. Amini futi, usiamini jeki. Wengine wanajenga gari upya na kukaza kila kitu likiwa limesimama kwa magurudumu yake, vizuri kabisa, ila injini na giaboksi ziko kwenye kona ya gereji. Gari lisilo na injini halijasimama.

Na kama umekwisha kukaza vibaya juzi, usikate chochote. Legeza bolti zote gari likiwa chini, lisukume, lipumue, kaza tena. Raba isiyochanika itarudi. Bushi za poliyurethani zinazozunguka juu ya mrija hazina msokoto huu, lakini zinataka grisi ya silikoni, la sivyo zitalia kama mlango mbovu.

4. Springi huua.

Yenye ugumu wa niutoni 60 kwa milimita, ikibanwa milimita 150, inasukuma kwa niutoni 9,000, yaani karibu uzito wa kilo 900. Jeki ikae chini ya mkono wa chini, mnyororo upite ndani ya springi na kufungwa kwenye shasi, nati ya boli jointi ibaki imeshika nyuzi kadhaa hadi jointi iachie, na uso wako uwe mahali pengine. Kwenye Mercedes-Benz W123 tumia kibanio cha kuingia ndani ya springi chenye sahani zake. Kulabu za nje hapo huteleza.

5. Stopa na shokapu.

Kama kati ya mkono na stopa palikuwa na milimita 60 na umeshusha 40 kwenye gurudumu, usitoe 40 kwenye 60 kwa haraka: stopa nayo iko katikati ya mkono, hivyo zidisha 40 kwa uwiano wake kwanza. Ukipunguza stopa, hakikisha bado inagongwa kabla shokapu haijafika mwisho wa kubanwa, maana shokapu ikiwa ndiyo stopa itapasuka. Kwenye MGB mikono ya shokapu ndiyo mikono ya juu ya sasipensheni. Ikichakaa, usukani nao unalegea.

6. Pembe.

Ukishusha mbele peke yake, gari zima limeinama na kasta (mlalo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma) imepungua. Volkswagen Beetle ina mita 2.4 kati ya ekseli, kwa hiyo kila milimita 42 unazoshusha mbele hula digrii moja. Ndiyo maana Beetle iliyoshushwa hutangatanga kwenye mwendo, na dawa yake ni vipande vya kasta nyuma ya mrija wa chini wa bimu, yaani mhimili wa mbele. Si kuongeza upepo. Kwenye stratu, mkono wa chini ukishapita mlalo na kuanza kupanda kuelekea nje, gurudumu halipati tena kemba hasi (juu yake kuinamia ndani) likipanda, na gari huinama zaidi kwenye kona japo liko chini. Huko usishushe zaidi bila kipande cha kusogeza boli jointi chini.

Tou (magurudumu kuelekea ndani au nje yakitazamwa kutoka juu) hurekebishwa mwisho kabisa. Kabla yake toa springi, inua gurudumu kwa jeki milimita 10 kila hatua, na utazame jinsi tou inavyobadilika. Ikibadilika sana, fimbo ya usukani na mkono wa chini haviko tena kwenye mstari wao, na gari litageuka lenyewe kwenye kila tuta. Wakati springi iko nje, zungusha usukani hadi mwisho pande zote na uone tairi inagusa wapi.

7. Yaliyobaki, haraka.

Toshenibaa za kushoto na kulia zisibadilishane, na usizikwaruze, maana ufa huanzia kwenye mkwaruzo. Kalipa ininginizwe kwa waya, kamwe si kwa hozi ya breki. Nati ya splitipini ikipitiliza tundu, sogeza mbele hadi tundu linalofuata, usirudishe nyuma. Stabilaiza (fimbo ya kupunguza kuinama kwenye kona) ifungwe gari likiwa limesimama, sababu ni ileile ya namba 3, na hatuirudii. Taa za mbele zielekezwe upya, kwa kuwa digrii moja ya kuinama hushusha mwanga milimita 175 kwa kila mita 10.

Baada ya kilomita 200 pima tena hubu na madigadi, kagua torki zote gari likiwa chini, ndipo ulipie alaimenti. Anayeipeleka siku ileile aliyofunga springi atairudisha, na fundi wa alaimenti anamjua kwa jina.