Injini Inanguruma, Treni Inatambaa: Swali Kuhusu Reli ya Kalka hadi Shimla

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Mimi ni Mtanzania ninayesoma Chandigarh, India. Wakati wa likizo tulipanda treni ya dizeli kutoka Kalka hadi Shimla, mwendo wa kilomita 96, tukatumia zaidi ya saa tano. Injini, ambayo tuliambiwa ina umri wa miaka inayokaribia hamsini, ilinguruma kwa nguvu hata kabla treni haijasogea, na kwenye kona magurudumu yalilia hadi abiria wakaziba masikio. Je, injini ile imechoka? Wakifunga mpya, safari itakuwa fupi? Na kile kitanzi chenye mfuko wa ngozi anachokabidhiwa dereva stesheni kina kazi gani?

JIBU: Marahaba. Nianze na hilo la injini kuchoka, kwa kuwa ndilo linalomjia kila abiria kwanza. Injini haina kosa. Mwendo wa treni ile huamuliwa na kona, na hata ukifunga mtambo wenye nguvu maradufu, kona zitabaki pale pale zilipochongwa.

Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1903. Kalka iko mita 656 juu ya usawa wa bahari na Shimla iko mita 2,076, kwa hiyo treni hupanda mita 1,420. Ukipima kwa rula kwenye ramani, miji hiyo haitengani hata kwa kilomita 40. Reli imerefushwa kwa makusudi ili mpando usizidi takriban mita 3 kwa kila mita 100, kwani magurudumu ya chuma juu ya reli ya chuma hushika kidogo sana yakilinganishwa na tairi juu ya lami. Namna ya kurefusha njia milimani ni kuizungusha kwenye mabega ya vilima, kuipenyeza katika mahandaki, ambayo sasa yanayotumika ni 102, na kuivusha makorongo juu ya madaraja yanayozidi 800, mengi yakiwa ya matao ya mawe. Matokeo yake ni kona kali ajabu. Iliyo kali kuliko zote ina nusu kipenyo cha mita 37.5 hivi, yaani duara lake zima lina kipenyo cha mita 75, ambacho hakifikii urefu wa uwanja wa mpira.

Sasa tupige hesabu. Mwendokasi unaoruhusiwa huko ni kama kilomita 25 kwa saa, sawa na mita 6.9 kwa sekunde. Ukizidisha mwendokasi huo kwa wenyewe kisha ukagawanya kwa nusu kipenyo cha kona, unapata mchapuko wa pembeni wa mita 1.3 hivi kwa sekunde kila sekunde, takriban asilimia 13 ya mvutano wa dunia. Hicho ndicho kilichokuegemeza dirishani. Mchapuko huu hauongezeki sambamba na mwendo, bali huongezeka kwa kipeo cha pili: mwendo ukiwa mara mbili, msukumo wa kutupwa nje unakuwa mara nne. Upana kati ya reli mbili za njia ile ni milimita 762 tu. Tukichukulia kwamba kitovu cha graviti cha behewa kiko mita 1.2 juu ya reli, na tukiacha kwa sasa msaada wa kuinuliwa kwa reli ya nje, behewa litaanza kunyanyuka upande wa ndani likifika karibu kilomita 39 kwa saa. Reli ya nje huinuliwa kweli, lakini haiwezi kuinuliwa sana, kwa sababu treni hiyo hiyo wakati mwingine hupita polepole au husimama papo hapo kwenye kona, na isingefaa ilalie ndani. Aidha, muda mrefu kabla ya kupinduka kuna hatari ya ukingo wa gurudumu kupanda juu ya reli. Kwa hiyo kilomita 25 ni mwendo uliopimwa kwa kuacha nafasi ya usalama, na dereva hana ruhusa ya kuichezea nafasi hiyo.

Tuitazame nguvu ya injini kwa kipimo hicho hicho. Injini za dizeli za aina ya ZDM-3, ambazo zimeitumikia njia hiyo kwa miongo mingi, zilitengenezwa katika kiwanda cha Chittaranjan kuanzia miaka ya 1970 na zina nguvu farasi 700, ambazo ni kama kilowati 520. Chukua treni ya mfano yenye tani 100 pamoja na injini yake. Kwenye mpando wa asilimia 3 mvutano wa dunia huirudisha nyuma kwa kani ya kilonyutoni 29 hivi. Ongeza msuguano wa magurudumu na wa kona, tuseme jumla ni 40. Kuivuta kwa kilomita 25 kwa saa kunahitaji takriban kilowati 280. Hata tukitoa kwa ukarimu kile kinachopotea njiani kati ya injini na magurudumu, tunabaki na kilowati 400, zinazotosha kuisukuma hadi kilomita 36 kwa saa. Linganisha na ile 25 inayoruhusiwa, nawe utaona kwamba mtambo huo wa kizee una nguvu kuliko kona zinavyoweza kuvumilia kwa usalama.

Mngurumo mliousikia kabla treni haijasogea nao ni wa kawaida. Injini ya dizeli haiwezi kuanza kazi ikiwa imesimama. Lazima kwanza izunguke kwa kasi fulani, ilhali magurudumu yanaanza kutoka sifuri. Kwenye ZDM-3 pengo hilo huzibwa na mafuta: injini huzungusha pangaboi ndani ya chombo kilichojaa mafuta, mafuta hayo hurushwa kwa nguvu kwenye pangaboi la pili, na hilo la pili ndilo linaloendesha ekseli. Dereva akifungua nguvu, kwa sekunde kadhaa mafuta huvurugika, injini hupiga kelele na behewa limetulia, kisha vifungo vya mabehewa hukaza kimoja baada ya kingine na mnasikia mtikisiko ukija kutoka mbele. Injini za treni ya SGR ya Mombasa na Nairobi hutumia njia nyingine: dizeli huzalisha umeme, na umeme ndio unaozungusha mota za magurudumu. Huko pia sauti ya injini haifuati mwendo wa treni.

Kuhusu kilio cha magurudumu: magurudumu mawili ya treni yamefungwa imara kwenye ekseli moja, kwa hiyo yanazunguka sawasawa, tofauti na ya gari ambayo yana difu inayoruhusu moja lizunguke haraka kuliko jingine. Lakini katika kona reli ya nje ni ndefu kuliko ya ndani. Kwa upana wa milimita 762, kila treni inapogeuka robo duara gurudumu la nje hudaiwa mita 1.2 zaidi ya mwenzake. Nyuso za magurudumu hutengenezwa zikiwa na mteremko kidogo ili kufidia tofauti hiyo, ila kwenye kona kali kiasi hiki fidia haitoshi, na deni linalobaki hulipwa kwa kuteleza. Gurudumu hushika, huteleza, hushika tena, mara mamia kwa sekunde, na chuma chote hutetema kama kengele. Wajenzi walilijua jambo hili. Kwa reli ya upana wa kawaida wa milimita 1,435, tofauti hiyo ingefika mita 2.25, na kona zingelazimika kuwa kubwa zaidi, maana yake mahandaki na madaraja ya gharama kubwa zaidi. Mpango wa awali ulikuwa wa reli nyembamba hata kuliko hii, milimita 610, ila jeshi la Waingereza lilishinikiza ipanuliwe.

Je, kona haziwezi kunyooshwa? Kwa fedha za kutosha kila kitu huchimbika, lakini njia hiyo iliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008 pamoja na mkao wake, na anayezinyoosha kona atakuwa amejenga reli nyingine. Injini mpya ingepunguza moshi na matumizi ya dizeli, mambo mema kabisa, na huenda isingekuokolea hata robo saa.

Panapoweza kuokolewa muda ni kwenye kitanzi ulichokiuliza. Kilomita 96 kwa mwendo wa 25 bila kusimama ni saa 3 na dakika 50. Zinazozidi hapo nyingi huishia stesheni. Njia ni moja tu, treni za kupanda na za kushuka huitumia kwa zamu, na ndani ya mfuko ule wa ngozi mna tufe la chuma ambalo ndilo kibali cha kuingia kipande cha reli kinachofuata. Mashine mbili, moja kila stesheni, zimeunganishwa kwa umeme kiasi kwamba tufe moja likitoka, jingine halitoki hadi lile lirudishwe, na dereva asiye nalo haondoki hata kama njia inaonekana tupu. Kitanzi ni cha kumwezesha kulipokea mkononi akiwa anapita polepole. Kwa hiyo mlipokaa stesheni mkishangaa mbona hamwondoki, yaelekea tufe lenu lilikuwa bado mikononi mwa dereva wa treni iliyokuwa ikishuka, na hakuna injini, mpya wala kuukuu, ambayo ingewaruhusu kumtangulia.