Kuhusu barua ya mashtaka ya dawa za kusisimua misuli uliyopokea, na huyo wa tenisi

Mdogo wangu, unauliza mbona Iga Swiatek alifungiwa mwezi mmoja tu, na mwenzako wa kambini kala miaka minne kwa EPO, ile dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu. Inauma, najua. Ila hasira hiyo usiipeleke mbele ya jopo.

Swiatek alikutwa na trimetazidine, dawa ya moyo iliyopigwa marufuku michezoni, mwaka 2024. Vidonge vyake vya melatonini, vya kumpa usingizi, vilipimwa maabara vikakutwa vimeingiwa na dawa hiyo. Kwa bidhaa iliyochafuliwa, kanuni za dunia zinaanzia karipio hadi miaka miwili. EPO ni sindano. Hapo utasema ulichafuliwa na nini? Asbel Kiprop, mkimbiaji wetu wa mita 1500, naye alipewa minne kwa EPO.

Upendeleo ninaouona mimi uko mfukoni. Simona Halep, naye wa tenisi, alipewa miaka minne, akakata rufaa, ikashuka hadi miezi tisa. Wakili na wataalamu wa namna ile, mkimbiaji anayeishi kwa zawadi za mbio za mtaani atawalipa na nini?

Sasa wewe. Kopo la virutubisho usilitupe, hata kama limebaki unga wa kukwangua. Tafuta risiti, au ujumbe wa M-Pesa wa siku uliyolinunua. Omba sampuli B, ile ya pili iliyohifadhiwa, ifunguliwe ipimwe. Na kama kweli ulidungwa (mimi sikuulizi), angalia tarehe ya barua ya mashtaka: ukikiri na kukubali adhabu ndani ya siku 20, minne inakuwa mitatu.